Historia Fupi ya Mwenda kwa Miguu katika Njia Ipitayo Pap Onditi



Katika kijitabu hiki cha taarifa ya mwaka mtakuta, kama ilivyo desturi, hesabu za mweka hazina na habari za wafiwa waliosaidiwa. Mwaka huu kamati imeona vema kuongeza sura moja ya historia, nayo ni historia ya njia yetu wenyewe: barabara itokayo Katito, ipitayo kati ya soko na makazi ya Pap Onditi, na kuendelea mpaka Kendu Bay. Sababu yake si kutaka kusifu mambo ya kale. Katika mkutano mkuu mtaulizwa kama chama kipeleke ombi kwa serikali ili mwenda kwa miguu apatiwe nafasi yake katika barabara hiyo. Kabla ya kujibu, yafaa tujue tulifikaje hapa tulipo.

Twataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza, barabara za nchi hii zilifunguliwa kwa mikono na miguu ya watu waliokwenda kwa miguu, lakini katika kila badiliko lililofuata mtu huyo ndiye aliyesahauliwa. La pili, kila mara alipopata haki yoyote, aliipata kwa kuwa watu waliungana wakaiomba.

Kabla ya magari

Jina la mahali petu lenyewe hutukumbusha hali ya nchi. Kwa Kijaluo neno "pap" ni uwanda, mahali palipo wazi. Katika uwanda huu palikuwa na vijia vingi vyembamba, kila kimoja kikiwa na kazi yake: kimoja cha kwenda mtoni, kingine cha ng'ombe, kingine cha kwenda ziwani, na vingine vya kwenda kwa wakwe. Gari la moshi lilipofika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na meli zilipoanza kutia nanga kando ya ghuba, vijia hivyo vikaongezewa safari mpya. Watu walitembea kwenda Kisumu kutafuta kazi, na kwenda Kendu Bay kwenye gati la meli.

Njia hizo zilikuwa na sheria zake, ijapokuwa hazikuandikwa. Aliyekuwa na mzigo kichwani alipishwa na asiyekuwa nao. Mzee alipishwa na kijana. Mchunga ng'ombe aliwazuia wanyama wake ili mama mwenye mtungi apite. Kwa maneno mengine, aliyekuwa na nguvu alimngoja aliyekuwa dhaifu. Sheria hiyo twaiomba irudi leo, ingawa siku hizi hapana budi ijengwe kwa saruji na mawe.

Barabara zilivyofunguliwa

Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyowapa wakuu wa vijiji uwezo wa kuwaita watu kufanya kazi za jamii bila ya malipo, mpaka siku 6 katika kila miezi mitatu. Kazi kubwa miongoni mwa hizo ilikuwa kufungua na kutunza barabara. Mwaka 1920 sheria hiyo ikaongezewa kazi nyingine ya lazima, yenye malipo, ifikayo siku 60 kwa mwaka. Kavirondo nzima ilikuwa chini ya amri hiyo, na Nyakach haikuwa nje yake. Wanaume wengi walikuwa mbali, mashambani mwa walowezi na katika kazi za reli na mijini, kwa hiyo wanawake na watoto walionekana barabarani wakibeba udongo na kukata nyasi. Gari ambalo njia hiyo ilifunguliwa kwa ajili yake lilikuwa la mtu mwingine.

Wazee wetu hawakunyamaza. Tarehe 23 Desemba 1921 ulikutanika mkutano mkubwa huko Lundha, Gem, na hapo kikazaliwa chama cha vijana wa Kavirondo, mwenyekiti wake akiwa Jonathan Okwiri. Walilalamikia kodi, kipande, na kambi za kazi ambamo watu walikusanywa kwa nguvu. Mwezi wa Julai 1922 Gavana Edward Northey alikuja Nyahera kuwasikiliza, akakubali kambi hizo zivunjwe. Mwaka 1923 chama hicho kiligeuzwa kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo, chini ya uongozi wa Arkidikoni W. E. Owen wa kanisa la Kianglikana. Wanachama waliahidi kuchimba vyoo, kupanda miti na kuua panya. Owen naye aliendelea kwa miaka mingi kuandika barua kuhusu kazi ya bure ya barabarani, hasa ile ya wanawake na watoto, hata habari zikasomwa Uingereza.

Mwaka 1930 mataifa yalifanya mkataba huko Geneva juu ya kazi ya lazima, na Uingereza ikautia sahihi yake ya kuuthibitisha mwaka 1931. Mkataba huo ulisema kwamba wanawake, watoto na wazee wasilazimishwe kazi hizo. Hatusemi kwamba barua za Kavirondo peke yake ndizo zilizoleta mkataba, wala hatusemi kwamba kazi za bure zilikwisha siku hiyo. Twasema tu kwamba vyama vya ustawi kama hiki chetu vilianza kazi yake kwa kusema juu ya barabara. Hivyo anayeuliza kama barabara ni shauri la chama cha ustawi hana budi kuanza kusoma huko.

Sheria zilizokuja, na mtu zilizemtazama

Magari yalipokuwa machache, na njia ikiwa ya udongo, watu na magari walishirikiana bila ya taabu kubwa. Gari lilisikika kutoka mbali. Wakati wa mvua halikupita kabisa, na wakati wa kiangazi mashimo yalilazimisha dereva aende pole. Mwenda kwa miguu alilindwa na ubovu wa njia.

Sheria ya magari ya mwaka 1953, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1954, ndiyo iliyobaki kuwa msingi wa sheria yetu ya barabara hata baada ya Uhuru. Pamoja na marekebisho yake, sheria hiyo haimruhusu dereva kuzidi kilomita 50 kwa saa ndani ya mji au soko lililotangazwa. Ni sheria njema, lakini kibao hakiwezi kumshika dereva mguu.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kuchukua abiria bila ya ile leseni iliyohitajiwa na mabasi. Wananchi walifurahi, maana mtu wa mashambani alipata usafiri. Pamoja na hayo, mashindano ya kugombea abiria yaliongezeka. Vifo vilipozidi, Waziri John Michuki alitoa kanuni mpya mwaka 2003, zikaanza kutumika Februari 2004: mikanda kwa kila abiria, mwisho wa kusimama garini, sare kwa madereva na makonda, na kidhibiti cha mwendo kisichoruhusu gari kuzidi kilomita 80 kwa saa. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo, nazo boda boda zikajaa kila kijiji. Mwaka 2012 ikaundwa mamlaka ya kitaifa ya uchukuzi na usalama barabarani.

Tazameni kanuni hizi kwa makini, wazee. Mkanda humlinda aliyeketi ndani ya gari. Kofia ya chuma humlinda aliyepanda pikipiki. Kidhibiti cha kilomita 80 humfaa abiria aliye safarini baina ya mji na mji. Lakini mama avukaye kutoka sokoni akiwa na beseni la samaki hana mkanda wala kofia, na kwake gari la kilomita 80 kwa saa ni mauti. Kanuni zilikuwa na faida kubwa, nasi twazishukuru, lakini zilimtazama aliyepanda na kumpita aliyetembea. Ndiyo maana kila mwaka hapa Kenya watu zaidi ya 4,000 hufa barabarani, na fungu kubwa kuliko yote ni la waenda kwa miguu.

Hesabu ya mwendo

Baadhi ya wanachama husema kwamba tofauti ya mwendo kidogo si kitu. Tuifanye hesabu. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa kila sekunde. Dereva akimwona mtoto barabarani, karibu sekunde nzima hupita kabla mguu wake haujafika kwenye breki. Basi gari limekwisha kwenda mita 22 kabla halijaanza kupungua mwendo hata kidogo. Kwa kilomita 50 ni mita 14 hivi. Kwa kilomita 30 ni mita 8 tu.

Tena nguvu ya pigo haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiwa maradufu, nguvu huwa mara nne. Gari la kilomita 60 kwa saa lina nguvu mara nne ya lile la kilomita 30. Kwa sababu hiyo mtu agongwaye kwa mwendo wa 30 kwa kawaida huponea, na agongwaye kwa mwendo wa 80 ni nadra kuinuka. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Nao walisema kweli, maana katika njia zao kila mtu alikwenda pole.

Lami ilivyotugawanya

Hapana mtu miongoni mwetu atakaye lami iondolewe. Lami imepunguza vumbi katika nyumba na maduka. Imemleta mgonjwa hospitalini Pap Onditi kabla hajakata roho, na imefikisha samaki na nyanya Kisumu kabla hazijaharibika. Pap Onditi ni makao ya utawala ya Nyakach, na bila ya barabara njema utawala ungekuwa jina tu.

Lakini lami iliondoa yale mashimo yaliyokuwa yakimlinda mwenda kwa miguu, wala haikumletea ulinzi mwingine mahali pake. Soko huvuta watu karibu na barabara, kwa kuwa hapo ndipo mnunuzi apatikanapo. Meza za biashara hukaa ukingoni, boda boda husimama mbele ya meza, na matatu husimama mbele ya boda boda. Mwenye miguu asipopata mahali pa kupita, hushuka kwenye lami. Basi mtoto wa shule na mzee mwenye fimbo hujikuta katika njia ileile ya lori la mchanga. Dereva husema, "Huyu alikuwa barabarani." Ni kweli, alikuwa barabarani. Swali ni hili: angekuwa wapi?

Ajali ya tarehe 30 Juni 2023 ilitufundisha jambo hilo kwa uchungu. Katika njia panda ya Londiani, kaunti ya Kericho, lori lililobeba kontena lilitoka barabarani likawavamia wachuuzi, wasafiri na waendesha boda boda waliokuwa kando. Watu zaidi ya 50 walikufa. Hawakuwa wamefanya kosa lolote ila kuwa mahali ambapo riziki yao ilikuwapo. Na mwezi wa Agosti 2025, huko Mamboleo, Kisumu, basi lililowabeba waombolezaji wakirudi kutoka mazikoni lilipinduka, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Wengi katika Nyakach walivaa nguo za msiba juu ya msiba.

Jibu kwa wasemao tuwafunze watoto

Wazee kadhaa wametuambia kwamba dawa ni kuwafunza watoto na kuwaadhibu madereva. Twakubali kwamba yote mawili yafaa. Hata hivyo, mtoto wa miaka sita hawezi kupima mwendo wa gari lijalo, hata afunzwe namna gani. Akili yake haijakomaa kwa kazi hiyo. Na polisi hawezi kusimama njiani usiku na mchana. Nchi nyingine zilijaribu njia hiyo, zikaona haitoshi.

Uingereza, katika mwaka 1865, ilitunga sheria kwamba gari la mashine lisizidi maili 4 kwa saa, na mtu atangulie mbele yake kwa miguu. Sheria hiyo ililegezwa mwaka 1896, na mwaka huohuo mwanamke mmoja aligongwa na kufa London, akawa mwenda kwa miguu wa kwanza nchini humo kuuawa na gari la petroli. Ilichukua miaka mingi na vifo vingi mpaka mwendo ndani ya miji ukawekewa mpaka wa maili 30 mwaka 1935, na mpaka vivuko vya milia vikapakwa rangi barabarani mwaka 1951.

Uholanzi nayo, nchi isifiwayo siku hizi kwa baiskeli zake, haikuwa hivyo zamani. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa katika barabara zake, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwandishi wa gazeti aliyefiwa na binti yake alipaza sauti mwaka uliofuata, na wazazi wakaungana wakadai mauaji ya watoto yakome. Katika mji wa Delft wakazi wa mitaa kadhaa walikuwa wamekwisha kuanza kupanda miti na kuweka vizuizi ili gari lisiweze kukimbia mbele ya nyumba zao. Mwaka 1976 serikali ikaiandika desturi hiyo katika sheria: katika mtaa wa makazi, gari ndilo mgeni, na liende kwa mwendo wa mtu atembeaye. Sheria ya vijia vyetu vya kale ni hiyohiyo!

Wala hatuna haja ya kwenda ng'ambo kutafuta mfano. Kabla ya mkutano wa Africities uliokaa Kisumu mwezi wa Mei 2022, barabara za katikati ya mji zilitengenezwa zikapata njia pana za miguu. Mwanachama aliyetembea huko amejionea kwamba jambo hili lawezekana katika kaunti yetu. Kama lafaa kwa wageni wa mkutano, lafaa pia kwa watoto wa Nyakach.

Ombi litakalowekwa mbele ya mkutano

Kamati yapendekeza kwamba chama kiombe mambo matano. Kwanza, njia ya miguu katika kila upande wa barabara, kuanzia mwanzo wa soko mpaka mwisho wa makazi, iinuliwe na kutengwa na lami kwa ukingo wa mawe, na mitaro ifunikwe. Pili, vivuko vilivyoinuliwa mbele ya shule, hospitali na soko, ili gari lilazimike kupunguza mwendo. Tatu, vituo vya matatu na boda boda vitolewe kwenye lami na kupewa mahali pake. Nne, taa, kwa ajili ya watu watembeao usiku na wale watokao matangani. Tano, vibao vya mwendo viwekwe mahali pa kuonekana.

Twawasihi vijana wasijenge matuta wenyewe kwa mawe na udongo, kama ifanywavyo mahali pengine baada ya mtu kuuawa. Uchungu huo twaufahamu, lakini tuta lisilo na alama huua mwendesha pikipiki usiku, na hapo tutakuwa tumebadilisha maiti mmoja kwa mwingine. Sheria ya barabara ya mwaka 2007 iligawa barabara kuu, za miji na za mashambani baina ya mamlaka tatu. Ombi letu lipelekwe kwa mamlaka ihusikayo, na nakala kwa serikali ya kaunti. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 37, yampa kila mtu haki ya kupeleka maombi kwa wenye mamlaka. Wazee wa Lundha hawakuwa na kifungu kama hicho, lakini waliomba, wakasikiwa.

Nasi tuna wajibu wetu. Meza na vibanda vilivyo katika hifadhi ya barabara havina budi kurudi nyuma, na wenyewe wapewe mahali pengine pa kuuzia, wasifukuzwe tu. Hatuwezi kuomba njia ya miguu kisha tuijaze bidhaa.

Jambo la mwisho ni la hazina. Chama hiki, kama vyama vyote vya ustawi vya watu wetu, hufungua mfuko wake upesi panapotokea msiba. Twasafirisha maiti kutoka mbali, twanunua jeneza, twawalisha wafiwa, na desturi hiyo ni ya heshima. Lakini si haki mfuko ujue njia ya kaburini peke yake. Nauli ya wajumbe watano kwenda Kisumu, na gharama ya kuandika ombi na kuchora ramani ya mahali watu wavukapo, ni fedha kidogo kuliko za mazishi ya mtu mmoja.

Kwa hiyo kila kijiji kinaombwa kuleta katika mkutano mkuu orodha ya mahali watoto na wazee wavukapo, na mahali ambapo watu wamegongwa. Orodha hizo zitaambatishwa na ombi. Mwanachama asiyeweza kufika na ampe jirani yake maneno yake, naye jirani ayalete.

Wenu katika utumishi wa chama,
Kamati.